Mpapai wa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali mengi ya mpapai huulizwa mti ukiwa umeshampita mwenye nyumba kwa urefu: mbona hauzai, mbona maua yanapukutika, mbona umenyauka ghafla. Majibu yake mengi yako nyuma, kwenye mbegu iliyochaguliwa na mahali shimo lilipochimbwa. Ndiyo maana hapa jinsia, mbegu na maji vimepewa nafasi kubwa, na mengine yamejibiwa kwa kifupi.

Mpapai huzaa baada ya muda gani?

Upesi kuliko karibu mti wowote wa matunda. Mbegu huota kati ya wiki 2 na 4, mche hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, maua huanza kuonekana miezi 4 hadi 6 baada ya kupandikiza, na ua huhitaji miezi 5 au 6 hivi kufikia tunda lililoiva. Kwa hiyo ukipandikiza mche leo, mwaka mmoja baadaye uwe unakula papai lako. Palipo na baridi kila hatua hurefuka.

Upesi huo una sababu. Kwa kweli mpapai si mti wa mbao. Shina lake ni laini, lina maji mengi na uwazi katikati. Unakua haraka kwa kuwa haupotezi muda kutengeneza gogo gumu. Lakini ulaini huohuo ndio unaoufanya uoze haraka, uvunjwe na upepo na usivumilie maji yaliyotuama. Ukilikumbuka hili, mambo mengi yanayofuata hayatakushangaza.

Unahitaji hali gani ya hewa?

Joto na jua. Asili yake ni kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, na hustawi vizuri kati ya nyuzi 21 na 33 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 mti hudumaa na matunda huiva bila utamu, jalidi huuua. Usiupande chini ya kivuli cha mwembe ukitegemea kwamba utajinyoosha kutafuta mwanga. Utajinyoosha kweli, ila utakuwa mwembamba, na matunda yatakuwa machache na juu mno.

Upepo mkali ni tatizo jingine. Chagua upande wa nyumba au ua unaokinga upepo lakini hauzuii jua.

Wanasema kuna mpapai dume na jike. Mbona nasikia pia kuna wa tatu?

Upo. Mipapai ina jinsia tatu, na hili ndilo jambo moja ambalo mtu akilielewa vizuri ameondoa nusu ya matatizo yake.

Mpapai dume hutoa mikungu mirefu yenye vijiua vingi vidogo vinavyoning'inia mbali na shina. Mpapai jike hutoa maua makubwa zaidi yaliyokaa karibu kabisa na shina, moja moja au machache pamoja. Ukilichana ua lake utakuta kitako kinene cha mviringo ambacho ndicho kitakachokuwa tunda, na hakuna chavua ndani. Wa tatu ni wenye jinsia mbili. Maua yake nayo hukaa karibu na shina, lakini ni marefu na membamba zaidi, na ndani yake kuna kitako cha tunda pamoja na vikonyo vya chavua. Mpapai huo hujichavusha wenyewe, hauhitaji jirani.

Sura ya tunda nayo inasema kitu. Mpapai jike huzaa matunda ya mviringo, yenye uwazi mkubwa ndani na nyama nyembamba kiasi. Wa jinsia mbili huzaa matunda marefu yenye nyama nene. Hayo marefu ndiyo yanayopendwa zaidi sokoni, na kwa mtu mwenye nafasi ya miti miwili tu ndiyo ya kulenga: kila mti unazaa, hakuna anayekaa bure akisubiri chavua.

Naweza kumjua dume kabla hajachanua?

Hapana, si kwa macho. Utasikia mengi: kwamba mbegu nyeusi ni jike na ya kijivu ni dume, kwamba mche wenye mzizi mmoja ulionyooka ni dume na wenye mizizi iliyogawanyika ni jike, kwamba majani yenye ncha fulani ni ya jinsia fulani. Hakuna hata moja la kutegemea. Jinsia ya mpapai imeandikwa kwenye vinasaba, na njia pekee ya kuijua mapema ni kupima vinasaba hivyo maabara, jambo lisilo na maana kwa bustani ya miti mitatu. Anayekuuzia mche mmoja mmoja na kukuapia kuwa ni jike anabahatisha, isipokuwa kama ameukuza kutokana na tawi la mti unaojulikana.

Basi nifanye nini ili nisiishie na madume matupu?

Panda miche zaidi ya mmoja kwenye kila shimo, kisha upunguze baada ya maua. Miche ingapi? Inategemea mbegu imetoka wapi, na hapa hesabu inasaidia.

Mbegu za tunda la mpapai jike uliochavushwa na dume hutoa madume nusu na majike nusu. Ukiweka miche 3 shimoni, uwezekano wa yote kuwa madume ni 1 kati ya 8. Ukiweka 4, ni 1 kati ya 16.

Mbegu za mpapai wa jinsia mbili uliojichavusha hazitoi dume kabisa. Theluthi mbili huwa na jinsia mbili, theluthi moja majike. Miche 3 shimoni ina uwezekano wa 1 tu kati ya 27 wa kukunyima mti wa jinsia mbili. Miche 2 inatosha kwa mtu asiyependa kuhangaika: hapo ni 1 kati ya 9.

Tatizo huja pale mpapai wa jinsia mbili unapochavushwa na dume la jirani. Hapo jinsia zote tatu hutokea, theluthi kwa theluthi, na ile faida ya kutokuwa na madume inapotea. Chavua ya mpapai hubebwa na upepo na wadudu, hasa nondo wanaoruka jioni, kwa hiyo ukuta wa ua si kizuizi.

Miche iachane sentimita 20 hadi 30 ndani ya shimo moja. Ikishachanua, bakiza mmoja unaoutaka na ikate mingine usawa wa ardhi. Usiing'oe, maana mizizi yake imeshashikana na ya yule unayembakiza. Najua inauma kukata mti uliofika kifuani na wenye afya, na watu wengi huacha yote mitatu kwa huruma. Matokeo yake ni miti mitatu myembamba inayonyang'anyana mwanga.

Kama umepanda aina yenye majike na madume tu, bakiza dume mmoja kwa kila majike 10 au zaidi. Bustanini maana yake ni dume mmoja tu, na kama jirani anaye, huenda usihitaji hata huyo.

Je, dume akikatwa kichwa au kupigiliwa msumari atazaa?

Hili haliishi kuulizwa. Mpapai dume unaweza wenyewe, majira yakibadilika, kutoa maua machache yenye jinsia mbili na kuzaa vipapai vichache vinavyoning'inia kwenye mikungu mirefu. Mtu akiwa amepigilia msumari mwezi uliotangulia, msumari ndio unaosifiwa. Vinasaba havijabadilika, na mwakani mti unaweza kurudi kwenye maua matupu. Kata, panda mwingine. Baada ya mwaka hivi unakuwa umefidia.

Mbegu za papai nililokula zinafaa kupandwa?

Zinafaa, ilimradi ujue ulichokula. Chagua papai refu, lililoivia mtini, kutoka mti ulioona unazaa vizuri na hauna ugonjwa. Ukiweza kuuona mti wenyewe ni bora kuliko kuchagua kwa ladha peke yake, maana ladha haikuambii kama mti ule ulianza kuzaa chini au juu, wala kama majani yake yalikuwa na mabaka.

Kuhusu chotara ya dukani, yaani mbegu iliyotokana na kuchanganya aina mbili, kwa mfano Red Lady, mbegu za tunda lake hazitarudisha mti uleule. Utapata mchanganyiko: mingine mizuri, mingine ya ovyo. Kinyume chake, aina zinazojichavusha kama Solo na ndugu zake, ambazo ni papai dogo la umbo la peasi, hubaki na sifa zao kizazi hadi kizazi zisipochanganyika na chavua ya nje. Solo ilipelekwa Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911 na ndiyo iliyozaa aina nyingi za papai dogo zinazojulikana leo, ikiwemo Sunrise yenye nyama nyekundu.

Ukitaka uhakika wa mbegu zako mwenyewe, tafuta ua la mpapai wa jinsia mbili ambalo bado halijafunguka, livishe mfuko mdogo wa karatasi au kitambaa chepesi, na ulifunge. Litajichavusha humo ndani. Tunda likishaanza kukua toa mfuko na ufunge uzi wa rangi kwenye kikonyo ili usije ukalisahau ukalila na mbegu ukazitupa. Kazi yote ni dakika tano, na tunda moja lina mamia ya mbegu.

Naandaaje mbegu?

Kila mbegu ya papai imevikwa utando wenye ute. Utando huo una vitu vinavyozuia kuota, na mbegu zikipandwa nao huchelewa sana au haziamki. Ziweke kwenye chujio au kitambaa kinachokwaruza, zisugue kwa mchanga kidogo hadi utando upasuke, kisha zioshe mpaka maji yawe meupe. Zitumbukize majini, zinazoelea nyingi ni pepe, zitoe.

Unaweza kuzipanda hapohapo zikiwa mbichi. Kama ni za kuhifadhi, zianike kivulini siku kadhaa, kamwe si juani, na uziweke kwenye chombo kinachofunga vizuri mahali penye ubaridi. Kabla ya kupanda mbegu iliyokauka, iloweke usiku kucha.

Nizioteshe kitaluni au moja kwa moja shimoni?

Mpapai hauvumilii kusumbuliwa mizizi, kwa hiyo kupanda moja kwa moja shimoni kuna mantiki yake. Ubaya ni kwamba miche michanga huliwa na konokono, hupigwa na mvua na kusahauliwa. Mimi naegemea kwenye viriba: unaiangalia kwa karibu, halafu unahamisha na udongo wake wote.

Jaza viriba mchanganyiko mwepesi wa udongo, mboji iliyoiva na mchanga. Weka mbegu 2 au 3 kwa kina cha sentimita 1 hadi 2. Weka mahali penye joto. Nyuzi 25 hadi 30 ndizo bora, na chini ya 20 utasubiri hadi ukate tamaa. Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu bila kuloa chepechepe.

Miche ikianguka ghafla, shina likiwa jembamba na jeusi usawa wa udongo, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Husababishwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda maji mengi, msongamano na hewa isiyozunguka. Mche ulioanguka hautibiki. Punguza maji, tenganisha viriba, ongeza mwanga, na safari ijayo tumia udongo mpya ambao haujawahi kuotesha miche mingine. Usitumie samadi mbichi kitaluni kwa hali yoyote.

Shimo liweje, na udongo gani?

Swali la kwanza ni kama maji yanatoka. Mvua kubwa ikinyesha, tembea bustanini. Palipobaki dimbwi saa chache baadaye, hapo hapafai mpapai hata udongo uwe mweusi kiasi gani. Mizizi ikikaa ndani ya maji siku mbili tu, mti unaweza kufa, na ukisalimika huingiliwa na uozo wa mizizi. Dalili zake humchanganya mtu: majani ya chini yanakuwa ya njano na kulegea, mwenye mti anadhani una kiu, anaongeza maji, na hapo ndipo anaumaliza.

Kama eneo lako lote ni tambarare na udongo ni mfinyanzi, usichimbe shimo, jenga tuta. Kusanya udongo na mboji, inua kilima cha sentimita 40 hadi 60, kipana cha kutosha, na upande juu yake. Kwenye mfinyanzi mzito, shimo lililochimbwa na kujazwa udongo laini hugeuka beseni: maji ya mvua huingia na hayana pa kutokea.

Palipo na udongo unaopitisha maji, chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya mboji au samadi iliyooza, rudishia, na uache wiki kadhaa utulie kabla ya kupanda. Asidi ya udongo, yaani pH, iwe kati ya 5.5 na 7. Nafasi kati ya mti na mti ni mita 2 hadi 3.

Nipandikize lini na vipi?

Mche ukifika sentimita 20 hadi 30, jioni au siku ya mawingu, mwanzoni mwa mvua kama huna maji ya kutosha ya kumwagilia. Chana kiriba, usivute mche kwa shina. Upande kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kiribani. Shina la mpapai likifukiwa huoza. Weka matandazo ya nyasi kavu, lakini yaache umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kwa sababu hiyohiyo.

Maji na mbolea kiasi gani?

Mizizi mingi iko karibu na juu, kwa hiyo mpapai huhisi ukame mapema: maua hudondoka, matunda machanga hudondoka, na kwenye shina hubaki sehemu tupu isiyo na matunda. Ukitazama shina la mpapai mrefu unaweza kusoma humo historia yake. Kila sehemu tupu ni kipindi cha kiu, baridi au joto kali. Mwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi, ukiacha udongo wa juu ukauke kidogo kati ya zamu na zamu. Udongo wa kichanga utataka zaidi.

Mpapai ni mlaji. Unatoa majani, maua na matunda kwa wakati mmoja, bila kupumzika, kwa hiyo kulishwa kidogo kidogo kila mwezi au mwezi na nusu kunafaa kuliko kumwagiwa samadi nyingi mara moja kwa mwaka. Mboji na samadi iliyooza hutosha kwa bustani nyingi. Ukitumia mbolea ya dukani, chagua yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano, itawanye chini ya kivuli cha majani na siyo kwenye shina, kisha mwagilia. Naitrojeni ikizidi utapata majani makubwa ya kupendeza na matunda laini yasiyo na utamu.

Naweza kupandikiza tawi, au kubebesha?

Unaweza, na ni njia ya uhakika ya kuijua jinsia tangu siku ya kwanza, kwa sababu mti mpya ni nakala ya mama yake. Shida ni kwamba mpapai hautoi matawi kwa hiari. Kata kichwa cha mti unaoupenda. Chini ya mkato yatachipua machipukizi ya pembeni. Yakifika sentimita 20 hadi 30, yakate pamoja na kisigino kidogo cha shina mama, punguza majani ubakize mawili au matatu madogo, acha utomvu ukauke, paka dawa ya kuotesha mizizi, na uchomeke kwenye mchanga mchanganyiko unaopitisha maji vizuri, mahali penye joto, unyevu hewani na kivuli chepesi.

Mengi yataoza. Shina lile lenye maji mengi huoza kabla halijatoa mizizi iwapo mchanganyiko umelowa sana, kwa hiyo chukua machipukizi mengi kuliko unayohitaji. Yanayofaulu huzaa mapema na chini kuliko mti wa mbegu. Afrika Kusini aina ya Honey Gold huzalishwa kwa vipandikizi vya namna hii, kwa kuwa mbegu zake hazirudishi sifa zake.

Kubebesha, yaani kuunganisha chipukizi la mti unaoupenda juu ya shina la mche mwingine, nako kunawezekana: kata mche wa mbegu wenye unene wa penseli, upasue katikati, chonga chini ya chipukizi la unene uleule pawe bapa, chomeka, funga kwa utepe na ufunike kwa mfuko wa nailoni hadi kichipue. Kwa anayetaka miti miwili ya nyumbani, mbegu bado ni njia rahisi zaidi.

Mti umejaa maua lakini yote yanadondoka. Kwa nini?

Kwanza angalia ni ua la aina gani. Kama ni dume, kudondoka ndiyo kawaida yake. Kama ni jike na hakuna chavua karibu, ua litadondoka au litatoa kitunda kidogo kisicho na mbegu. Unaweza kulichavusha kwa mkono: chuma ua la dume au la jinsia mbili lililofunguka asubuhi, ondoa petali, na upake chavua kwenye ncha ya ua la jike.

Kama ni wa jinsia mbili, shuku joto au kiu. Joto likipanda sana, mti huu huanza kutoa maua yanayofanya kazi kama ya dume tu, kitako cha tunda kikiwa kimesinyaa. Hali ikirudi kuwa nzuri, huanza tena kuzaa.

Matunda yana mikunjo au vinundu. Ni ugonjwa?

Si lazima. Tunda lenye mikunjo mirefu na umbo lililojikunja, hasa kwenye mti wa jinsia mbili, mara nyingi ni matokeo ya baridi wakati ua lilipokuwa linaumbwa: sehemu za chavua zimeungana na tunda. Linalika bila tatizo.

Tunda lenye vinundu vinundu vinavyotoa utomvu, na mbegu ndani hazijakua, huashiria upungufu wa boroni udongoni. Boroni huhitajika kwa kiasi kidogo mno na ikizidi ni sumu kwa mmea, hivyo pima udongo kwanza au ongeza mboji kabla ya kukimbilia boraksi, chumvi yenye boroni.

Ukiona miduara kwenye ganda la tunda, mabaka ya njano kwenye majani na michirizi ya kijani iliyokoza, kama yenye mafuta, kwenye vikonyo vya majani, hapo kuna jambo zito.

Jambo hilo zito ni lipi?

Ni virusi vya miduara ya papai, ugonjwa unaoogopwa kuliko yote kwa zao hili. Huenezwa na vidukari, ambao huhitaji kuonja jani kwa muda mfupi sana tu ili kubeba virusi hadi mti mwingine. Ndiyo maana kupulizia dawa hakusaidii sana. Kidukari ameshaambukiza kabla hajafa. Hakuna tiba. Mti ulioambukizwa ung'olewe na kuchomwa au kufukiwa, mapema, hata kama una matunda. Usipande mipapai karibu na maboga, matango au matikiti, kwa kuwa nayo hubeba virusi hivyo. Huko Hawaii ugonjwa huu uliingia eneo kuu la kilimo cha papai la Puna mwaka 1992 na kuteketeza mashamba, mpaka aina za Rainbow na SunUp, zilizobadilishwa vinasaba ili kuvihimili, zilipoanza kupandwa mwaka 1998.

Mengine ni mepesi kidogo. Vidudu vyeupe vyenye unga hujazana kwenye kikonyo na tunda, mara nyingi vikisindikizwa na sisimizi. Pangusa, osha kwa maji ya sabuni na uwazuie hao wasindikizaji. Kuna nyigu wadogo wanaovila vidudu hivi, na sumu kali huwaua wao kwanza. Utitiri mwekundu hufanya majani yapauke wakati wa ukavu. Nyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani. Ubwiriunga huonekana kama vumbi jeupe majani yakiwa na unyevu na kivuli kingi. Chule, yaani madoa yaliyozama kwenye tunda linaloiva, hupungua ukivuna mapema na kuondoa matunda yaliyooza chini ya mti.

Naweza kukuza mpapai kwenye pipa?

Ndiyo, aina fupi, kwenye chombo cha lita 60 au zaidi chenye matundu mengi chini. Tarajia matunda machache na kumwagilia karibu kila siku wakati wa joto.

Mizizi yake itapasua msingi wa nyumba?

Haina nguvu hiyo. Hofia zaidi maji ya paa yanayomwagikia kwenye shina.

Nivune lini?

Rangi ya njano ikianza kuonekana kitakoni mwa tunda. Papai halihifadhi wanga wa kugeuka sukari baadaye. Utamu wote huingia likiwa mtini. Ukilichuma kijani kibichi litalainika, ila halitakuwa tamu. Kwa kula nyumbani subiri robo hadi nusu ya ganda iwe njano, isipokuwa ndege na nzi wa matunda wakikulazimisha kuwahi. Zungusha tunda taratibu au kata kikonyo kwa kisu, na usiliweke kwenye friji kabla halijaiva: ubaridi chini ya nyuzi 10 huharibu uivaji wake.

Utomvu wake una madhara?

Utomvu wa papai bichi una papaini, kimeng'enya kinachovunja protini, ndicho kinacholainisha nyama. Kwa ngozi huwasha, kwa macho ni hatari. Vaa glavu unapovuna au kukata machipukizi, na mwenye mzio wa mpira awe mwangalifu zaidi. Wajawazito hushauriwa kuepuka papai bichi.

Mpapai wangu umerefuka mno, matunda siyafikii. Niukate?

Ukiukata kifuani utachipua vichwa viwili au zaidi. Bakiza kimoja au viwili vyenye nguvu, na funika mkato kwa kopo au nailoni, maana mvua ikiingia kwenye uwazi wa shina huozea hadi mizizini. Kata wakati wa ukavu.

Hata hivyo mavuno mazuri ni ya miaka 3 au 4 ya mwanzo. Mti unaweza kuishi miaka mingi zaidi, lakini matunda hupungua ukubwa na idadi. Ni busara kuwa na mche mwingine unaokua pembeni kabla ule wa zamani haujachoka. Mche huo usiupande kwenye shimo lilelile: vimelea vya uozo wa mizizi na minyoofundo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi, vilivyozoea mti wa kwanza bado vimo. Sogea mita kadhaa, na shimo la zamani lipe mahindi au mboga za majani kwa misimu michache.